Profesa Niliyejitungia

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha kupandisha vyeo ni tarehe 21. Makala zinatakiwa tano, ninazo nne. Hii ni mara ya tatu naomba uhadhiri mwandamizi. Kifutio, niliyemfundisha mwenyewe enzi akifuta kila jibu mara mbili, ni mwandamizi tangu mwaka juzi. Tunagawana ofisi. Dirisha liko upande wake.

Makala ya tano tayari: uaminifu wa wanafunzi kwenye mitihani. Jarida linataka nipendekeze wahakiki wawili wasio na uhusiano nami. Wa kwanza nimemtia Kifutio, kwa shingo upande. Hatusemezani, kwa hiyo uhusiano hakuna. Wa pili nimemtunga. Profesa mstaafu, bingwa, mgane, ana anwani mpya ya barua pepe. Mke wangu akauliza ugane unahusu nini. Nikamwambia unampa mtu uzito.

Jumatano, 5 Machi
Mhariri kanasa! Kamwomba Profesa, kwa adabu zote, aisome makala yangu. Nikavaa miwani, nikaandika kwamba makala hii ni taa ya taifa. Nikarudia kusoma. Sukari imezidi. Mhariri ni mama mtu mzima, hadanganyiki kirahisi. Lazima Profesa akosoe kidogo.

Alhamisi, 6 Machi
Amekosoa kidogo. Wahojiwa 110 wanamtia shaka, majibu yao yanafanana kumi kumi. (Nilihoji kumi na mmoja, nikaongeza sifuri. Muda haukutosha.) Halafu kagundua asilimia za jedwali la pili zinafika 107. Loo! Hata mimi sikuwa nimeona. Mzee ana jicho! Kurasa nne zikatoka bila kupumua.

Mwishoni fomu ikauliza: ichapishwe au ikataliwe? Mtu aliyeandika kurasa nne za namna ile hawezi kusema ichapishwe. Angeonekana mpumbavu. Nikaweka alama kwenye "ikataliwe" kulinda heshima yake. Mhariri ana akili zake, atapima.

Jumanne, 11 Machi
Imekataliwa! Mhariri anasema mhakiki mmoja aliisifu mno, lakini mwingine, msomi wa kuaminika, ameichambua mpaka mifupa. Aliyesifu ni Kifutio. Kikulacho ki nguoni mwako. Namchukia Profesa vibaya sana.

Ijumaa, 14 Machi
Nimepeleka malalamiko. Nimesema mhakiki ana wivu, ni kiherehere aliyechakaa, na hesabu zenyewe hajui. Nimetaka aondolewe na makala ichapishwe kabla ya kikao. Roho imetulia.

Jumatatu, 17 Machi
Mhariri kayapeleka malalamiko kwa Profesa, ajieleze. Nikakaa nimwombe mwandishi radhi kwa jina la Profesa, yaishe. Ila nilipoisoma barua upya, nikachemka. Kumwita mzee wa watu kiherehere! Mtu aliyestaafu kwa heshima zake! Nikajibu vikali. Nikashauri mwandishi adaiwe madodoso yote, moja baada ya jingine. Mke wangu akapita na beseni la nguo, akasema nikigombana peke yangu nipunguze sauti, mtoto anasoma.

Ijumaa, 21 Machi
Nimekosa. Kikao kilinijadili dakika mbili. Kifutio akaja mwenyewe, akasema pole sana mwalimu wangu, akasema kuna makala aliisoma karibuni, aliijua ni yangu kwa mwandiko wa mawazo, na aliipenda kweli. Akanipisha kiti chake cha dirishani. Iliniuma. Nilikaa nikitazama magari yaliyoegeshwa mpaka saa ya kutoka, wala sikumwambia asante.

Jumamosi, 22 Machi
Barua mbili kwa mpigo. Yangu: nilete madodoso yote 110 kwa kamati ya maadili ya jarida ndani ya mwezi, la sivyo chuo kitaarifiwa. Maana yake kazi yenyewe imo hatarini, si cheo tu.

Ya Profesa: jarida limeguswa na uadilifu wake, linamwomba aongoze hiyo hiyo kamati ya maadili. Jalada la kwanza mezani kwake ni langu.

Mungu si Athumani! Profesa kakubali papo hapo. Ataandika kwamba mwandishi ni mtu safi, mwaminifu, aachwe afanye kazi. Ila nitamtafutia dosari mbili tatu, tena kubwa kubwa, mhariri asije akashuku upendeleo.