Safari ya Meneja na Ukurasa wa Nne

Jumatatu, 1 Juni

Bahasha ya mke wangu imefika. Si barua ya mapenzi. Ni kurasa saba za masharti ya kuingiza paka kwenye nchi anakofanya kazi. Juu kaandika kwa wino mwekundu: tiketi yako ni ya Jumapili tarehe 28, njoo na Meneja, bila Meneja usije. Meneja ndiye paka. Tulimpa jina hilo kwa sababu hulala kwenye kiti kizuri na kuangalia wengine wakifanya kazi.

Miezi minane sijamwona mke wangu. Namkumbuka mpaka kifua kinauma. Hili naliandika humu tu.

Masharti ni rahisi. Kwanza paka awekewe chipu chini ya ngozi, kitu kidogo kama punje ya mchele, chenye namba yake. Kisha achanjwe. Zipite siku ishirini na moja. Kisha ofisa wa karantini amkague na kugonga muhuri. Nimesoma kurasa mbili, nimeelewa yote. Mama mkwe, anayeishi nasi tangu alipostaafu ualimu, kavaa miwani na kusoma zote saba. Halafu akarudia. Kaniuliza kwa upole kama nimefika ukurasa wa nne. Nimejibu nimeshamaliza, Mama. Huyu mama hajawahi kuniamini!

Jumanne, 2 Juni

Daktari wa mifugo kaja na sindano ya chipu. Sindano! Nene kama msumari. Mimi na sindano hatupatani tangu darasa la pili, nilipozimia kwenye foleni kabla zamu yangu haijafika. Meneja kaiona, kapanda juu ya kabati. Nusura nimfuate. Mara daktari kapigiwa simu, kuna ng'ombe anazaa kwa shida. Nikamwambia aniachie sindano, nimefuga kuku miaka mitano, kuchoma najua. Sijawahi kufuga hata kuku mmoja. Kaniachia, kaondoka mbio.

Nimefunga mlango. Nimefumba macho. Nimeshindwa.

Ndipo akili ikanijia. Nimeisukuma chipu ikatokea kiganjani, nikaishonea ndani ya mkanda wa shingo wa Meneja. Uzi mweusi, mishono midogo, kazi safi. Chipu iko na paka, paka yuko na chipu. Nani kaumia? Hakuna! Mama mkwe kauliza mbona paka hakulia. Nimemwambia ni wepesi wa mkono.

Alhamisi, 4 Juni

Kliniki. Daktari kapitisha mashine shingoni mwa Meneja. Tiii! Namba hiyo hapo. Kanisifu mbele ya mama mkwe. Siku njema kabisa. Kisha chanjo ya kichaa cha mbwa. Nimeuliza kwa nini paka achanjwe ugonjwa wa mbwa. Mama mkwe kasema jibu liko ukurasa wa tatu. Yeye ndiye aliyemshika paka. Mimi nilikuwa kwenye korido, nasoma kalenda ya ukutani. Nilifika Desemba.

Mke wangu kapiga simu. Kauliza habari za Meneja dakika kumi. Habari zangu kauliza wakati wa kuaga. Si neno. Zimebaki siku ishirini na nne.

Ijumaa, 26 Juni

Ofisi ya karantini. Nimevaa shati la harusi. Sanduku limefungwa tangu Jumatatu. Ofisa ni mama mmoja mtaratibu, meza safi, kalamu mbili. Mashine: tiii! Namba sawa. Cheti cha chanjo: sawa. Kashika muhuri. Nimeuona kwa macho yangu ukiwa hewani!

Kisha kasema tumvue paka mkanda, apimwe uzito.

Nimesema haifai, Meneja ana aibu. Nimesema mkanda ni zawadi ya bibi yake, hauvuliwi ovyo. Mama mkwe, ambaye ndiye huyo bibi, kasema yeye hakutoa zawadi yoyote, na kauvua mwenyewe. Ofisa karudia mashine. Shingoni, kimya. Mgongoni, tumboni, mkiani, kimya. Kaipitisha kwenye mkanda uliolala mezani. Tiii!

Hakupandisha sauti. Afadhali angenifokea. Kasema kwa mujibu wa karatasi hizi, msafiri ni mkanda. Mkanda umechanjwa, una afya njema na unaruhusiwa kuondoka Jumapili. Paka hatambuliki. Kaniuliza mkanda ni dume au jike, maana fomu inataka. Bwana mmoja nyuma yetu alicheka mpaka kasuku wake naye akaanza kucheka.

Chanjo ya paka asiye na chipu haihesabiki. Tuanze upya.

Jumapili, 28 Juni

Ndege imeondoka. Mke wangu hakugomba. Kalia. Kasema alikuwa ameshatandika kitanda. Na mimi nimelia, bafuni, bomba likiwa wazi.

Kisha kataka kuzungumza na mama yake. Wamepanga bila mimi. Mambo ya paka sasa yako kwa mama mkwe, na tutasafiri sote watatu mwezi wa nane.

Jumatatu, 6 Julai

Daktari kamchoma Meneja chipu begani, mama mkwe akimkuna kidevu. Paka hata hakuamka. Nimesimuliwa. Nilikuwa korido.

Leo mama mkwe kanifungulia ukurasa wa nne, kauweka mbele yangu na kusubiri, kama enzi zake za darasani. Nimeusoma. Anayemsindikiza mnyama naye lazima achanjwe, na aonyeshe kadi. Yaani hata kama mkanda ungepita, mimi ningerudishwa mlangoni! Bahati nzuri sikuusoma mapema, ningekosa usingizi mwezi mzima.

Nimemwomba Mama msamaha. Nimemwahidi safari hii hakuna njia za mkato, kila hatua kwa utaratibu wake. Kafurahi, kaniita mwanangu. Miadi yangu ni Jumatano, saa tatu asubuhi, kituo cha afya.

Nimeshaongea na kinyozi wa pale kona. Kimo chetu kimoja, na sindano hazimtishi. Ataingia na kitambulisho changu, atatoa mkono, atatoka na kadi. Kadi iko nami, mimi niko na kadi. Nani kaumia? Kinyozi tu, na amekubali. Kwenye picha yangu nina ndevu. Nimemwomba asinyoe zake mpaka Jumatano.