King'ora Chenye Sauti Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Mshonaji, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kaibiwa cherehani. Mchana kweupe! Alitoka kupeleka nguo za mteja, karudi kakuta meza tupu na uzi umetambaa hadi dirishani. Mtaa mzima ulijaa kwake kumpa pole na kuchungulia. Mimi nilimpa pole ya dhati. Nilichungulia kidogo tu.

Sijafika mlangoni kwangu, simu. Wifi! Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, msimamizi mstaafu wa bweni la wasichana. Bweni lilifungwa, usimamizi haukufungwa. Anasema mama na mtoto peke yao ndani ya nyumba ni kumkaribisha mwizi kwa mikono miwili. Atahamia kwangu. "Nitakaa nanyi mpaka mtoto aanze shule, wifi yangu, wala usiwe na wasiwasi."

Mtoto ana miezi tisa!

Nikamwambia asijisumbue, tunafunga king'ora cha wezi. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Ulimi hauna mfupa.

Baba Mtoto yuko safarini na lori lake. Nimempigia anitetee, kageuka hakimu. Jumapili akirudi, king'ora kijaribiwe mbele ya dada yake. Kikifanya kazi, dada abaki kwake. Kisipofanya, dada ahamie.

Haya. Kitafanya kazi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeenda duka la vifaa vya ulinzi na Bosi mgongoni. Bosi ndiye mwanangu. Ndiye anayeamua nani alale na saa ngapi.

Muuzaji ni kijana mwenye tai. Hauzi ving'ora huyu, anauza hofu kwa rejareja. Kaniuliza kama huwa napata usingizi wa amani. Nilicheka mpaka Bosi akaamka.

Alinishauri cha mlangoni: mlango ukifunguliwa, kinalia pii pii. Ndicho kinachowafaa wenye watoto. Pii pii! Hiyo ni sauti ya kumfukuza nani, kifaranga? Ndipo nikakiona chenyewe. Kina jicho la kuona kila anayepita, kina kipaza sauti kipana kama sufuria, na unaweza kurekodi sauti yako mwenyewe imkaripie mwizi. Sauti yangu! Hii inayosimamisha nyumba nzima!

Muuzaji akauliza kama mtoto ameanza kutambaa. Nikasema bado. Bosi, niliyekuwa nimemshusha, alikuwa ameshapotelea nyuma ya kaunta.

Jumatano, 5 Machi

Fundi kaja, kachimba ukuta wa sebule kama anatafuta maji. Vumbi hadi kwenye mswaki wangu. Akaeleza huku anakusanya vifaa: bonyeza kitufe chekundu, sema maneno yako, bonyeza tena ili kiache kurekodi. Mara mbili, mama. Ukisahau ya pili, kinaendelea kumeza tu.

Nikamwambia mimi nimesoma, nimeelewa.

Alipoondoka nikambeba Bosi kiunoni, nikabonyeza. Nikatoa sauti ile ya kumtoa Bosi kwenye sabuni: "Wewe! Nimekuona! Toka!" Bosi akaangua kilio. Maana yake inafanya kazi. Nikawa nambembeleza, mara mshonaji akaingia kuazima mkasi. Masikini, cherehani hana, lakini umbea anao. Tulikaa, tukamzungumza wifi kuanzia kichwani hadi visigino. Kifua kimekuwa chepesi!

Alhamisi, 6 Machi

Nimekijaribu. Nimepita mbele ya jicho: "Wewe! Nimekuona! Toka!" Nilitaka kukimbia nyumba yangu mwenyewe. Nikakizima haraka kwa rimoti, Bosi alikuwa amelala.

Alikuwa.

Sasa Bosi kagundua mchezo. Anatambaa hadi mbele ya jicho, sauti ya mama inatoka ukutani, anacheka mpaka anabingirika. Nazima. Anarudi. Tangu asubuhi najifukuza nyumbani, na kila mara nakizima hapo kwenye "Toka".

Jioni kaweka kiganja ukutani, kasema, "Mama." Neno lake la kwanza! Nimembeba miezi tisa, nimemnyonyesha miezi tisa, na umama kampa plastiki. Nililia kidogo. Kisha nikalifunika jicho kwa nepi hadi Jumapili.

Jumapili, 9 Machi

Baba Mtoto karudi. Wifi kaja na begi, eti kwa tahadhari tu. Majirani nao wakajaa mlangoni, mshonaji mbele kabisa. Niliwaita mwenyewe! Ushindi bila mashahidi una raha gani?

Nikaondoa nepi. Rimoti nikamkabidhi Baba Mtoto, isije ikasemwa nadanganya. Wifi akapita mbele ya jicho, kidevu juu.

"Wewe! Nimekuona! Toka!"

Makofi! Vigelegele! Nikainamisha kichwa kama bibi harusi.

Kisha ukuta ukaanza kulia. Alikuwa Bosi. Kisha ukuta ukambembeleza. Kisha ukuta ukamwambia mshonaji, kwa sauti yangu, mtaa mzima ukisikia, kwamba heri mwizi kuliko wifi, kwani mwizi akishachukua huondoka. Kwamba yule hajui kukaa, anajua kukagua. Kwamba king'ora chenyewe wala si cha wezi, ni chake yeye. Mshonaji akasikika akicheka hadi anakohoa.

Mshonaji wa mlangoni akakumbuka ameacha jiko linawaka. Baba Mtoto alibonyeza kila kitufe cha rimoti, na kila kitufe kiliongeza sauti.

Wifi kasimama. Nikajua ataondoka asirudi tena. Mungu anisamehe, katikati ya aibu ile nilifurahi.

Akatua begi chini. Akasema akiondoka sasa, mtaa utasema kafukuzwa na spika. Yeye hajawahi kufukuzwa na wasichana mia wa bweni, sembuse na spika. Anakaa. Akaniuliza shuka ziko wapi.

Baba Mtoto akalichukua begi, akaliingiza chumbani, bila kunitazama.

Jumatano, 12 Machi

Wifi yupo. Hajanigombeza hata mara moja, na hilo linaniuma zaidi. Jana alimchukua Bosi tangu asubuhi, kamwogesha, kamlisha, kamwimbia mpaka kalala. Mimi nililala mchana kutwa. Niliamka na alama za mto shavuni, sijui leo ni lini. Sijalala hivyo tangu nijifungue.

Hiyo si hoja.

Hoja ni hii: leo paka wa mtaani alirukia dirishani, na wifi, jabali la mabweni, alikuwa juu ya meza kabla sijageuka. Anaogopa paka!

Kesho nitamwachia Bosi, nilale kwanza vizuri, kisha nitoke nikatafute paka. Dume, mkubwa, mwenye sharubu.

Paka hasemi.