Mahali pa Uyoga pa Kaka Vendelín

Jumatano, 4 Septemba
Maršík amepita tena dirishani kwangu saa moja asubuhi. Kikapu kimejaa uyoga mnene wa kahawia, na hakuufunika, makusudi, ili niuone. Tarishi mstaafu na maringo yote hayo! Mimi siku nne msituni nimeambulia kupe wawili. Kijiji hiki mtu atakupa figo yake, lakini mahali pake pa uyoga, ng'o! Na mwenye mahali bora kuliko wote ni kaka yangu Vendelín. Yuko kitandani, ini limekwisha, daktari amempa wiki mbili. Miaka kumi na mmoja hatusemezani, kisa uzio. Nimeamua kumsamehe. Haraka.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimempelekea supu ya kuku. Shemeji Květa kafungua mlango, kaduwaa, kisha kalia. Nami nikatoa chozi. Moja linatosha. Kaka amekonda, hata kukaa hawezi. Kanishika mkono, kasema alijua tu nitakuja, damu ni nzito kuliko maji. Nikamkumbusha ya utotoni, tulivyokuwa tukienda msituni na baba, na ilikuwa upande gani vile? Akacheka mpaka machozi. Eti, "Wewe Oldřich, hata kunizika utakuja na kikapu!" Kisha kanielekeza: nyuma ya machimbo ya mawe, kwenye misonobari michanga. Ila Jumapili asubuhi nije nikae naye, kuna jambo anataka tuzungumze. Nimeapa nitakuja.

Jumamosi, 7 Septemba
Ushindi! Kumejaa! Vikapu viwili! Nimezunguka kijiji mara tatu. Mbele ya Maršík niliinama kufunga kamba ya kiatu, taratibu, aone vizuri. Kaniuliza neno moja tu: umeulamba? Wivu mtupu! Kila mtoto hapa anajua uyoga huu una pacha wake mchungu. Hauui, ila mmoja tu unaharibu kikaango kizima, na dawa yake ni kuulamba kabla ya kuukata. Mimi nilambe uyoga wa kaka yangu mwenyewe? Kesho asubuhi nawakaangia baa nzima. Kaka atasubiri kidogo, Jumapili ni ndefu.

Jumapili, 8 Septemba
Nimekaanga na mayai, kwa mkono wangu. Watu kumi na saba mezani. Maršík peke yake hakutokea, nikadhani ni aibu. Kijiko cha kwanza, nyuso zikakunjamana. Kisha mwenye baa akakimbilia sinki. Mchungu kama shubiri! Wote! Mkuu wa zimamoto alisukutua kwa bia, akasema miaka sitini na mitano niko kijijini na bado sijui kutumia ulimi isipokuwa kwa kujisifu. Baa nzima ikacheka. Kaka kanichezea shere, tena akiwa mgonjwa! Kwake sikwenda ng'o. Na asubiri mpaka akome.

Jumatatu, 9 Septemba
Nimekwenda kumpasha. Květa kafungua mlango, kavaa nguo nyeusi. Vendelín amefariki jana saa kumi jioni.

Anasema alinisubiri tangu asubuhi. Alitaka kiti kisogezwe karibu na kitanda, na kila mbwa alipobweka aliuliza, ni Oldřich huyo? Ule uyoga mchungu ulikuwa utani tu. Alitaka nije mbio nimtukane, tucheke kama zamani, tuyamalize ya uzio, kisha anitajie mahali penyewe. Alasiri akachoka kusubiri. Aliyekuwepo ni Maršík, amekuja kumchezesha karata kama kila Jumapili. Hata Květa alitolewa chumbani. Kaka akamnong'oneza Maršík mahali pale.

Nikakaa jikoni kwao, nikalia kwa kwikwi, safari hii bila kujilazimisha. Květa kanipigapiga mgongoni, kasema ningekuja hata kwa dakika tano. Maršík! Katika watu wote, Maršík!

Ijumaa, 13 Septemba
Tumemzika kaka. Mvua. Kasisi kasema mengi, sikusikia. Květa kanishika mkono penye kaburi, kaniambia, "Shemeji, jifunze basi. Usingoje watu wafe ndipo uwakumbuke. Nenda kwa walio hai, ukiwa bado unao."

Maneno mazito haya. Nimeyatafakari njia nzima. Maršík ana miaka themanini na mmoja, hana mke, hana mtoto, na alipotupia udongo alikohoa mara tatu. Kikohozi kibaya, cha ndani kabisa.

Kesho asubuhi na mapema nakwenda kumjulia hali.