Kuizunguka Dunia Peke Yangu Kabla Mtoto Hajaamka

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Nitaizunguka dunia kwa mashua, peke yangu. Peke yangu! Kuliandika tu neno hilo kunapumzisha macho. Tangu Bosi azaliwe (hana jino hata moja, lakini amri anazo) sijaoga bila kuliliwa mlangoni. Huko baharini atanililia nani? Nimemwambia mume wangu. Ameuliza kama nitapika kwanza.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda gatini kwa fundi mashua. Kusikia mpango wangu, kaangusha randa! Akasema Jumamosi nijaribu: nikilizunguka boya linaloelea nje ya gati na kurudi peke yangu, ataniazima mashua yake ndogo ya tanga. Halafu akanitisha. Eti wasafiri wa peke yao hulala dakika ishirini tu, waamke watazame meli, walale tena. Ishirini! Mfululizo! Nimerudi nyumbani nikikimbia kwa furaha.

Alhamisi, 6 Machi
Wifi, dada wa mume wangu, kasikia. Eti wifi yangu, wewe hata ndoo ya maji inakuyumbisha. Kaapa kwamba nikilifikia boya, atamlea Bosi wiki nzima. Wiki! Nimemwambia aandae mgongo. Nikafanya mazoezi ndani ya beseni la kufulia, ufagio mlingoti, shuka tanga. Nimeanguka chali. Bosi kacheka mpaka kwikwi.

Jumamosi, 8 Machi
Lo! Aibu gani hii! Nilifungua kamba ya mbele, tanga likajaa, maji yakapiga ubavuni. Nikashika usukani, nikaimba. Sikugeuka nyuma, maana baharia hageuki. Nilipomaliza nyimbo zote ninazozijua nikasikia sauti ya Wifi, karibu mno, ikiniagiza zawadi za huko ng'ambo. Nikageuka. Yuko palepale, angeweza kunishika sikio! Kamba ya nyuma bado imefungwa gatini. Niliifunga mwenyewe nikimsubiri fundi, mikono ikajiendea, fundo lilelile la mbeleko ninalomfungia Bosi mgongoni. Fundi kajaribu kulifungua kwa vidole, kwa msumari, kwa meno. Wapi!

Jumapili, 9 Machi
Sijaandika yote ya jana. Bosi alilia mikononi mwa Wifi, naye akanipa nimpakate humohumo mashuani. Mashua ikatubembeleza. Akalala. Nikalala. Mchana kutwa! Nilipoamka sikujua mimi ni nani. Wifi anatangaza kwamba nimeshindwa. Nani kashindwa? Mpango uko palepale, dunia nitaizunguka peke yangu. Mimi na Bosi. Tunaondoka kesho baada ya kufua. Nimemwomba fundi lile fundo asiliguse.