Spika za Marehemu, Cherehani ya Mama Watoto

Jumamosi, 4 Machi

Nimezipata! Spika mbili, kila moja ndefu kama mlango na nyembamba kama mlango. Hazina boksi, hazina koni. Ndani kuna utando wa plastiki, laini kuliko ganda la kitunguu, umewambwa katikati ya mabati mawili yenye matundu. Umeme mkali huutikisa utando, utando unaimba. Wajuzi wanasema ukizisikia mara moja, spika nyingine zote zinakuwa kelele za masufuria. Mimi sijawahi kuzisikia. Lakini nimesoma.

Zilikuwa za fundi redio mmoja aliyefariki mwaka juzi. Mjane wake anaishi nyuma ya kiwanda cha barafu, anashonea watu nguo kwa mkono, na kidole chake kimejaa matobo. Hataki fedha. Anasema fedha haikai. Anataka cherehani.

Mke wangu ana cherehani.

Nilitafakari sana. Dakika nne hivi. Mama Watoto alikuwa kwa dada yake. Nikaifunga cherehani na meza yake kwenye shuka, nikaita mkokoteni, nikaenda na cherehani nikarudi na spika. Mjane alilia kwa furaha. Ni kweli cherehani hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wetu watatu. Lakini wote wameshamaliza shule!

Jumapili, 5 Machi

Mama Watoto ameamka, amekwenda kwenye kona yake, amekuta alama nne za miguu ya meza. Akaniita kwa jina langu kamili. Hilo halijatokea tangu paa livuje.

Nikamwambia nimeipeleka kwa fundi ikatiwe mafuta na kubadilishwa mkanda, maana nimeona anavyoteseka nayo. Akasema kwamba katika miaka ishirini na sita hii ni mara ya kwanza naifikiria kazi yake bila kuambiwa. Mchana akaniwekea paja la kuku. Lilinikwama kooni, lakini nilimaliza.

Baadaye akauliza itarudi lini. Ana magauni manane ya wasimamizi wa harusi ya binti wa mwalimu mkuu. Harusi ni Jumapili ijayo. Vitambaa vimeshakatwa, na neno lake ameshalitoa. Nikasema Jumanne. Sijui Jumanne imetoka wapi. Imetoka mdomoni tu.

Akauliza, na hii milango miwili chumba cha stoo? Nikasema ni spika za mdogo wake, ameomba nimtunzie.

Mpango: zianze kuimba kabla ya Jumapili. Nimketishe mbele ya spika. Mama Watoto alikuwa mwimbaji wa kwaya, ana masikio. Akizisikia atasahau kama aliwahi kuwa na cherehani. Hapo ndipo nitakiri.

Jumatatu, 6 Machi

Nimemwita shemeji, huyo mdogo wake mwenyewe, fundi umeme. Ilibidi nimweleze kwamba ana spika. Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema dada yake akigundua, yeye hayumo, hakuwepo, na hanijui. Lakini akaketi. Kitu kikiwa na waya ndani yake, shemeji hawezi kuondoka.

Tumefungua. Utando wa zamani umekauka na kupasuka kama midomo ya mgonjwa. Hakuna neno: mjane alinipa bunda la utando mpya ambalo marehemu hakuwahi kulifungua, pamoja na daftari lake la maelezo. Mwandiko safi, kila hatua na namba yake.

Shemeji akaonya kwamba humu mnapita volti elfu tano, na hata ukichomoa waya, umeme hubaki umejificha. Nisubiri saa nzima kabla ya kugusa. Nikamjibu kwamba najua. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimeketi upande mwingine wa chumba, kiatu kimoja mguuni. Shemeji akauliza kama hilo nalo nilikuwa nalijua.

Jumanne, 7 Machi

Siku ya ushindi! Nimeuwamba utando mpya mezani, nikaubana kwa gundi pande zote, kisha nikapitisha ile mashine ya Mama Watoto ya kukaushia nywele. Mikunjo yote ikatoweka mbele ya macho yangu. Ukiugusa kwa ncha ya kidole, unatoa mlio mdogo. Spika mbili, siku moja. Nani mwingine angeweza?

Sasa, ili utando ushike umeme, unapakwa unga mweusi wa penseli. Daftari linasema usugue kwa pamba, ufute, ufute tena, “mpaka udhani hujapaka kitu.” Upuuzi! Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa bahili. Kama kidogo kinaimba kidogo, kingi kitaimba sana. Nimepaka mara tatu, moja juu ya nyingine. Pameng'aa kama kitako cha chungu.

Vumbi ni adui. Likiingia tu kwenye utando, basi. Nimepiga marufuku kufagia nyumba nzima. Mama Watoto akanitazama huku ameshika ufagio, akauliza marufuku hiyo imetoka serikali gani. Nikasema daktari ameshauri, kwa ajili ya kifua changu. Akasema hajawahi kuona mgonjwa wa kifua anayepuliza vumbi la penseli stoo.

Cherehani je? Nikasema fundi anasubiri spea, iko melini. Akawasha taa, akaanza gauni la kwanza kwa mkono.

Jumatano, 8 Machi

Msiba. Saa nne asubuhi tumewasha spika moja. Shemeji alisimama mlangoni, akaniambia yeye ana familia. Kwanza mlio mwembamba, kama mbu. Kisha cheche ya bluu ikatambaa kwenye bati, ikageuka, ikarudi, paa! Tundu la ukubwa wa sarafu katikati ya utando, na harufu ya plastiki nyumba nzima. Ngoma ivumayo sana hupasuka. Mama Watoto akauliza kutoka jikoni ni nini. Nikasema mtego wa panya. Akauliza ni panya wa aina gani anayenuka hivyo.

Shemeji akalisoma daftari taratibu, akaweka kidole kwenye mstari wa “mpaka udhani hujapaka kitu,” akaniangalia bila kusema neno. Ningependa angesema.

Unga ukizidi, umeme unatalii utando wote badala ya kutulia. Zote mbili zimeharibika, na ile nyingine haina haja hata ya kuwashwa. Bunda lililobaki linatosha mara moja tu. Kosa jingine moja, basi nina milango miwili isiyoelekea popote, na sina cherehani.

Mama Watoto amemaliza gauni moja. Yamebaki saba. Amefunga plasta kidoleni. Niliona, nikaangalia pembeni. Nilijisikia vibaya mpaka chakula cha mchana.

Alhamisi, 9 Machi

Sijapumua leo. Nimefuata daftari neno kwa neno. Nimesugua, nimefuta, nimefuta tena, jasho likinitiririka na nimefunga taulo kichwani lisidondoke kwenye utando. Sasa inaonekana kama sijapaka kitu kabisa. Je, kama kweli sijapaka kitu?

Asubuhi Mama Watoto alisema hawezi kuingoja meli. Amesikia kuna mama mmoja amepata cherehani juzi juzi, anashona vizuri, atampelekea magauni matano. Nilifurahi mno! Mzigo umetuliwa bila mimi kunyanyua kidole. Sikuuliza ni mama gani. Mwenye bahati haulizi maswali.

Akaondoka saa tatu na furushi. Saa tano akarudi na furushi lile lile. Akasema mama huyo alikuwa na mambo. Sauti ilikuwa ya chini. Kisha akaniuliza polepole, fundi wa cherehani yetu ni yupi hasa, na yuko wapi.

Nilimweleza vizuri. Nikampa fundi duka lenye mlango wa kijani, nikampa ndevu, nikampa na kilema kidogo cha mguu ili ahurumiwe. Mama Watoto alisikiliza mpaka mwisho. Akasema haya. Akaniletea chai ambayo sikuiomba, na sukari ilikuwa sawasawa.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Wahenga hawakumjua mke wangu. Huyu amechoka tu.

Ijumaa, 10 Machi

Mambo yananinyookea kiasi cha kutisha. Mama Watoto ametoka asubuhi na mapema na furushi, amerudi jioni mikono mitupu, nyuzi nyeupe zimemganda kwenye sketi. Nikauliza kuhusu magauni. Akasema yameshughulikiwa. Kisha, bila kuulizwa, akataka kujua spika za mdogo wake zitakuwa tayari lini. Kesho saa kumi, nikasema. Akasema vizuri, atamwalika mgeni aje asikilize naye.

Mgeni! Kumbe ameanza kujivuna nazo!

Tumezihamishia sebuleni. Daftari linasema zikae mbali na ukuta, hatua mbili kamili, na msikilizaji akae sehemu moja tu, katikati. Ukisogea pembeni sauti inafifia. Kwa hiyo kochi liko kwenye korido na sebule ina kiti kimoja. Nimezichomeka umeme zijikusanyie nguvu. Muziki sithubutu kuujaribu. Zikipasuka, afadhali zipasuke kesho.

Shemeji aliniaga kwa kunishika mkono. Kwa kawaida haniagi.

Jumamosi, 11 Machi

Saa kumi kamili hodi ikapigwa. Mgeni wa Mama Watoto akaingia. Alikuwa mjane wa fundi redio.

Nilimkonyeza mjane asiseme kitu. Mjane akanisalimu kwa adabu kama mtu aliyenihurumia. Mama Watoto akamkaribisha kwenye kile kiti kimoja, yeye akasimama nyuma yake, akaniambia niwashe.

Niliwasha. Kimya. Nikahesabu mpaka ishirini. Ukatokea mkwaruzo mmoja upande wa kushoto, na shemeji akarudi nyuma hatua moja. Nilisema moyoni, Mungu wangu, hata wimbo mmoja tu.

Ndipo mwanamke akaanza kuimba. Sauti haikutoka kwenye spika. Ilisimama katikati ya sebule yetu, ina kimo, ina pumzi. Ulisikia akimeza mate kabla ya ubeti wa pili. Mjane akaweka mkono mdomoni. Akasema tangu mume wake aanze kuugua hakuwahi kuzisikia tena. Lile bunda alilinunua akidhani atapona. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni mlangoni, mahali sauti inapofifia. Hata hapo nilitetemeka. Nilizifanya mimi! Nikamtazama Mama Watoto nione kama amesahau cherehani.

Bila kugeuka, akasema fundi mwenye ndevu ananisalimu.

Yote yakafunguka. Alhamisi alibisha hodi kwa mjane na furushi lake, akaikuta cherehani yake inamtazama. Mjane hakujua kitu, maskini; nilimwambia ilikuwa imekaa bure. Wakalia wote wawili, kisha wakaketi wakapanga, na Ijumaa wakashona magauni yote saba kwa zamu. Cherehani inarudi nyumbani leo. Mjane atakuja kushona naye, kazi watagawana. Na spika zinarudi kwa mwenyewe. Mkokoteni ulikuwa tayari nje. Shemeji aliuita, msaliti yule.

Nikapiga kelele kwamba nimezitengeneza mimi, kwa mikono yangu, nimepigwa na umeme! Mama Watoto akasema ndiyo, na nimefanya kazi nzuri sana, ndiyo maana aliniacha nimalize.

Mjane alipotoka, akaongeza jambo moja. Cherehani ingemuuma wiki moja, ikaisha. Kinachomuuma ni kwamba Jumapili ile alimpigia dada yake simu, akamsimulia kwa furaha kwamba mume wake amemfikiria.

Nilirudisha kochi sebuleni peke yangu. Niliona haya, na ninaandika hapa ili nisisahau.

Jumanne, 14 Machi

Harusi ilipendeza, wasimamizi wamesifiwa. Jana niliapa mbele ya Mama Watoto, mjane na shemeji: sitatoa tena nje ya nyumba hii kitu chochote cha mke wangu. Niliapa kwa moyo wote. Nimebadilika.

Leo asubuhi mjane, katika mazungumzo tu, ametaja kwamba marehemu alikuwa na rafiki, mstaafu wa posta, ambaye ana spika za aina hiyo hiyo. Kubwa zaidi! Utando umechanika, ziko stoo. Nilikwenda kutazama tu. Mzee ni mtu mwema, wajukuu wamemjaa nyumbani, na analala kwenye kiti kwa kukosa kitanda.

Kitanda chetu nilikinunua mimi, kabla ya ndoa, nikiwa kapera. Kiapo kilihusu vitu vyake. Godoro ndilo alilonunua yeye, na godoro sijaligusa, namheshimu. Nimelitandaza sakafuni katikati ya spika mbili, shuka nimelinyoosha, mito nimeipanga. Kulala chini kunafaa mgongo.

Anarudi saa kumi. Sasa ni saa kumi kasoro dakika tano. Nina hakika atafurahi.