Kupanda Kilima kwa Rivasi

Jumamosi, 5 Aprili

Tumekwama tena. Kilima kilekile, tope lilelile, kona ileile ya mikaratusi. Gari lilizungusha tairi, likalia kama mbuzi aliyekanyagwa, halafu likaanza kurudi chini taratibu kama mgeni anayeaga. Mimi na binamu yangu Benjamini tukashuka kusukuma. Tairi za mbele zilirusha tope. Lote lilinipata mimi. Benjamini alikuwa upande wenye majani.

Ni gari dogo, la mviringo, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Mjini Lushoto magari ya namna hii huitwa bebiwoka. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi na alilinunua ili asinyeshewe akitoka kazini. Sasa ananyeshewa akilisukuma.

Sharifu akapita na pikipiki. Huyu ni muuza ndoo na mabeseni sokoni, mtu wa Tanga. Alisimama akatutazama, kisha akamwambia Mama, "Mwalimu Raheli, hicho kigari kimezaliwa kwa ajili ya lami. Niuzie mimi kikae huko chini, wewe upumue." Mama hakukataa. Alisema atampa jibu Jumapili ya Mitende. Kama kitakuwa bado kinakwama, akichukue.

Hakuna aliyeniuliza mimi, Dina, mwanafunzi wa kidato cha tatu na mtumiaji mkuu wa gari hilo likiwa limesimama.

Kwetu hakuna pa kusomea. Bibi ana redio, Benjamini ana mdomo, na kuku huingia ndani bila hodi. Lakini gari likiwa bandani na vioo vimepandishwa, ndilo maktaba yangu. Kiti cha nyuma, blanketi, kitabu. Kimya cha Mbinguni.

Na likitembea linaniokoa na jambo jingine. Kutoka kwetu hadi mjini kwa miguu ni shikamoo njia nzima. Wazee ninawaheshimu sana. Tatizo ni sauti. Hukwama kooni kama bebiwoka kwenye tope, mzee hudhani nimemdharau, na habari hufika nyumbani kabla yangu. Ndani ya gari Mama hupiga honi mara moja na kilima kizima kimesalimiwa.

Benjamini amefurahi. Gari likiondoka, banda litakuwa la sungura wake. Ameshaanza kulipima kwa hatua.

Jumapili, 6 Aprili

Nina mpango. Sharifu anakuja kesho kulikagua gari. Hakuna mtu mwenye akili anayenunua gari linalonuka.

Baada ya ibada nimemchukua papa mkavu wa Bibi kutoka jikoni, nikamzungushia gazeti, nikamsukumia chini ya kiti cha dereva. Vioo vyote juu. Mchana jua limetoka kidogo na kunisaidia. Leo sikuweza kusoma humo, macho yalitoa machozi. Si neno. Hakuna ushindi bila kujinyima.

Jumatatu, 7 Aprili

Sharifu alifika jioni. Alifungua mlango wa dereva. Akasimama. Akafumba macho. Nilikuwa nyuma ya banda na nilijua kwamba kazi imekwisha.

Akavuta pumzi ndefu. Akamwambia Mama kwamba tangu apande huku milimani hajawahi kuingia kwenye gari linalonukia kwao. Akamkumbuka marehemu mama yake, jiko la mkaa na papa wa nazi. Alitaka kujua Mama anapulizia dawa gani. Mama alikuwa ameziba pua kwa kanga.

Matokeo: Sharifu analitaka gari kuliko jana. Mama hataki hata kulisogelea. Bibi anamtafuta papa wake. Benjamini alimsingizia paka, huku akinitazama mimi, na paka akafukuzwa na mwiko. Nimempelekea maziwa kwa siri. Amekataa kunitazama.

Jumanne, 8 Aprili

Nimefikiria siku nzima darasani. Mwalimu wa historia aliniuliza swali nikamjibu kuhusu msuguano.

Jambo lenyewe ni hili. Tulipohamisha kitanda cha Bibi kwenda nyumba ya juu, Benjamini alishika upande wa juu na mimi upande wa chini. Kitanda chote kilinilalia mimi. Yeye alikuwa akipiga mluzi. Kwa hiyo kitu kikipandishwa kilimani, uzito huenda kwa aliye chini.

Sasa gari. Tairi zinazolivuta ni za mbele. Tunajua, tope lake nimelionja. Gari likipanda, za mbele ndizo zilizo juu, yaani ndizo zinazopiga mluzi. Lakini likigeuzwa, likapanda kwa rivasi, tairi zinazofanya kazi zitakuwa chini na uzito wote utazikandamiza. Zitashika!

Nilirukaruka kwa furaha. Halafu nikakaa chini, kwa sababu ilibidi nimwambie mtu.

Mama alikuwa anasahihisha madaftari na uso wake haukuwa wa kuambiwa kitu. Nikamnong'oneza Bibi kwa Kishambaa, karibu na jiko, tukiwa wawili. Bibi ni msiri sana. Wakati wa chakula jirani yetu Mama Janeth alipoingia kuomba chumvi, Bibi akatangaza mbele ya wote kwamba mtoto anataka gari lipande kilima kwa makalio.

Mama Janeth ni mwanamke mkubwa wa mwili na wa kicheko. Alicheka mpaka akamwaga chumvi yetu. Benjamini alilala chini. Mama hakucheka. Alisema mwalimu hawezi kurudi kwake akiwa ameipa nyumba mgongo, na wanafunzi wake wanakaa njia hiyohiyo.

Nimekuja kuandika humu ndani ya gari. Bado linanuka papa, ingawa nimeshamtupa. Huenda zikawa siku zangu za mwisho humu na nimezitia harufu mwenyewe.

Alhamisi, 10 Aprili

Sharifu amepita kuuliza kama gari lina jeki. Benjamini amekuja na sungura wawili kwenye kikapu, ati wazoee mazingira. Amewaweka kwenye buti huku mimi nikiwa kiti cha nyuma nasoma. Nilimwambia awatoe. Akanijibu, "Dada, wewe ndiye mgeni hapa."

 Jibu limenijia sasa hivi, lakini amelala.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua ya tangu alfajiri. Mama alinichukua shuleni, na njiani tukamkuta Mama Janeth na kabichi zake zilizokosa wanunuzi sokoni. Yeye akakaa mbele, kabichi zikakaa na mimi.

Tulifika kwenye kona ya mikaratusi. Gari likalia. Likaaga. Likarudi chini hadi kwenye daraja dogo. Mama akajaribu tena. Likaaga tena. Akaweka paji la uso kwenye usukani na kusema polepole kwamba kesho anampigia simu Sharifu, hana haja ya kungoja Mitende.

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kabichi.  

Ni Mama Janeth aliyesema. "Mwalimu, kwani makalio yana dhambi gani? Watu hawatakuona. Kwenye mvua hii nani yuko nje?"

Mama akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaligeuza gari pale darajani. Akaweka rivasi, akapindisha shingo, akakanyaga mafuta.

Likapanda.

Polepole, likinguruma, matako mbele kama bibi harusi anayeingizwa ndani kinyumenyume na shangazi zake, lakini likapanda. Kona ya mikaratusi ikapita kutoka nyuma kuja mbele, nikaiona ikipungua kwenye kioo. Mama Janeth alikuwa akiimba pambio. Mama alicheka. Sijamsikia Mama akicheka ndani ya gari tangu alinunue. Tulipofika uani Bibi alitoka na redio yake, akaangalia, akasema ndivyo alivyotuambia tangu Jumanne.

Gari haliuzwi. Nimemwonyesha Benjamini banda kwa kidole. Ilitosha.

Jumamosi, 12 Aprili

Kuna kitu sikukipigia hesabu.

Leo hakukuwa na mvua. Tope lilikuwepo, watu pia. Tulikuwa tunarudi na viazi mchana, saa ambayo kilima kizima kinarudi kutoka sokoni. Mama aligeuza gari darajani bila aibu yoyote, tukaanza kupanda.

Gari linalopanda kwa rivasi linakwenda mwendo wa mtu mwenye mzigo. Na waliomo ndani wanaangalia chini, kwa watu wanaopanda. Na watu wanaopanda wanaangalia juu, kwa waliomo ndani. Uso kwa uso. Mwendo mmoja. Kilima kizima.

Mzee mmoja mwenye jembe alinitazama kupitia kioo. Nilimtazama. Hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Mama akaniambia nishushe kioo, kwamba mzee hasalimiwi na samaki aliye kwenye chupa. Nikashusha. "Shikamoo," nikasema. Hakusikia kwa sababu ya injini. Nikasema tena. "Marahaba, mwanangu. Huyu si yule asiyesalimia?" Mama akasema ndiye. Mzee akafurahi na kuamua kutembea pembeni yetu, aniulize maendeleo ya masomo. Nyuma yake wakaja akina mama wenye ndoo. Shikamooni. Marahaba. Akaja muuza karoti. Wengine walipumzika njiani, tukawaacha, halafu wakatukuta tena na ikabidi tuanze na habari za tangu tulipoachana.

Hata honi haisaidii. Mama anasema kupiga honi mtu akiwa mbele ya macho yako ni matusi.

Nimefika nyumbani bila sauti. Na sikuitumia hata kidogo kwa mambo yangu.

Jumapili, 13 Aprili. Mitende

Sharifu alitungoja nje ya geti la kanisa apate jibu lake. Yeye ni Mwislamu lakini ni mtu wa kutimiza ahadi. Mama akamwambia hauzi, gari limeacha kukwama, linapanda kwa rivasi. Sharifu alisema hajawahi kukataliwa kwa sababu ya kuchekesha namna hiyo. Hakukasirika. Aliomba alione kwa macho yake.

Mama, kwa furaha, na matawi ya mitende yakiwa yamechomoza kwenye madirisha yote ya gari, akatangaza mbele ya kwaya kwamba gari lililowatesa wote sasa litawahudumia wote. Mabibi wote wa kilimani watapelekwa nyumbani. Kwa zamu. Kila Jumapili.

Mabibi walipiga vigelegele. Nilipiga makofi pia, kwa adabu. Halafu Mama akauliza nani atatembea na jiwe.

Gari linaposimama kupumua lazima mtu aweke jiwe kwenye tairi lisirudi chini. Benjamini akasema mgunduzi apewe heshima. Watu wakageuka kunitazama. Kwaya nzima.

Nimepanda kilima na kukishuka na jiwe mikononi mpaka jioni. Nimewasalimia mabibi wakiingia, wakiwa njiani, na wakishuka. Bibi mmoja alishuka, akasahau mwavuli, akarudi, tukasalimiana upya. Watalii waliokuwa wanakwenda kutazama mandhari ya Irente walitupiga picha. Sharifu alitembea nasi safari ya kwanza, akanishika bega na kuniambia mimi ni kijana mwenye akili, na kwamba angekuwa na binti angependa awe kama mimi. Ilibidi nimjibu.

Nilipolikimbilia gari bandani nisome hata ukurasa mmoja, nilimkuta Bibi kiti cha nyuma na redio. Amesema humu ndani kuna utulivu mzuri, hajui kwa nini hakuna aliyemwambia. Mbele alikaa Mama Janeth akipumzika. Yeye ndiye uzito rasmi wa kukandamiza tairi za mbele kwenye safari za mabibi.

Kwa hiyo gari nimeliokoa. Ila sina pa kuingia.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepata jawabu, na safari hii ni la uhakika.

Nyuma ya kanisa kuna chumba cha kuwekea matarumbeta. Kuta nene. Dirisha dogo. Hakuna kuku. Ufunguo hupewa wapiga tarumbeta tu. Kwa hiyo lililobaki ni kujiunga na bendi, kupata ufunguo, kisha kusoma humo siku ambazo hawafanyi mazoezi. Mtu mpole akiingia kwenye bendi nani atamwona?

Jioni nimekwenda. Mwalimu wa bendi alifurahi mno, akasema amekuwa akiomba apate mtu. Lililobaki bila mpigaji ni lile tarumbeta kubwa la besi, linalomzunguka mtu mwilini kama chatu. Nimelipuliza mara moja. Mbwa wa mchungaji amehama.

Mazoezi ni kila siku mpaka Pasaka, na Ijumaa Kuu tutatembea tukipiga kupitia mjini kote. Mama amekubali kunibebea tarumbeta. Litakaa kiti cha mbele, lina uzito mzuri.

Watu wanaweza kudhani nimekosea tena. Hawajui nilichogundua nikiwa njiani kurudi. Mtu mwenye tarumbeta mdomoni hadaiwi shikamoo na yeyote.