Ombi la Kumsajili Mkazi wa Shavuni

Remigius Amsi,
Kata ya Qurus,
Karatu.
Jumamosi, baada ya kukamua.

Kwa Ndugu Sylvesta Hhando,
Mwenyekiti wa Kijiji.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUSAJILIWA KWA KIDONDA KILICHOPO SHAVU LA KULIA, KARIBU NA PUA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzima, ng'ombe ni wazima, maharage ya ngwara yameweka maua, ila mbaazi zimeingiliwa na wadudu. Najua utashangaa kuandikiwa barua na mtu ambaye kati ya mlango wake na wako kuna shamba moja tu la mahindi. Sababu ni kwamba nikija utaniangalia usoni, na hilo ndilo lalamiko lenyewe.

Jumanne iliyopita muuguzi wetu wa zahanati, Bi Lilian, aliniita nikiwa napita zangu. Alikipima kidonda changu kwa rula ya mwanafunzi, akaandika kwenye daftari, akapima tena. Kisha akasema madaktari wa ngozi kutoka Moshi watakuwa hospitalini Karatu mjini Jumanne hii inayokuja, niende wakikate kipande wakichunguze, kwa sababu anashuku ni kansa. Tangu siku hiyo sina amani. Ndipo naiomba serikali ya kijiji iingilie kati, kwa hoja zifuatazo.

1. Ukaazi. Kidonda hiki kilihamia kwangu wakati wa kupanda ngwara mwaka jana, kikiwa kipele kidogo kisicho na makuu. Wewe mwenyewe ulitangaza kwenye mkutano mkuu kwamba mgeni akikaa hapa zaidi ya miezi sita bila kugombana na mtu, aandikwe kwenye daftari la wakazi. Huyu amekaa miezi kumi na minne. Hajakosa msaragambo hata mmoja. Mtaro wa maji tulichimba naye, mawe ya darasa la nne tulibeba naye. Wapo walioandikwa kwenye daftari lako ambao jembe lao hatujaliona tangu zahanati ijengwe. Sitawataja majina, ila mmoja ni shemeji yako.

2. Kuondolewa bila kikao. Akishasajiliwa, muuguzi hatakuwa na mamlaka ya kumtoa mkazi halali kwa sababu tu ana rula. Atalazimika kuleta barua, barua isomwe, watu wachangie mawazo, kikao kiahirishwe kwa sababu akidi haikutimia. Kwa uzoefu wangu wa vikao vyetu, tutakuwa tumefika masika ya mwaka kesho kutwa.

3. Tuhuma. Hapa kwetu mtu akishukiwa kuiba mbuzi, tunakaa na kusikiliza pande zote mbili. Kidonda hakijapewa nafasi ya kujieleza. Nimekihoji mwenyewe kwenye kioo, pua ikigusa kioo, maana macho yangu unayajua. Hakiumi, na mimi naamini mwenye nia mbaya angeuma. Kweli kinatoa damu kidogo nikinawa, kinafunga, halafu kinafunguka tena bila taarifa. Lakini tabia hiyo hata duka la ushirika linayo, na hakuna aliyesema likatwe.

4. Matibabu. Isije ikasemwa nilizembea. Nimekipaka dawa ya meno. Nimekipaka majivu. Nimekipaka utomvu wa mti wa manyara wa uani, ulionifunga jicho siku mbili na kunifanya nimsalimie ndama wa mke wangu Brigita kwa heshima zote. Mnada wa tarehe saba nilimwonyesha Lekishon, yule rafiki yetu wa kule Sale anayeleta ng'ombe, nikitegemea ana mzizi wowote mfukoni. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga kama anavyogeuza dume analotaka kulinunua, akasema, "Rafiki, hii si ya dawa yangu. Ng'ombe yenye uso nyeupe inatokaga hii hii. Ukingoja, inakula jicho." Kisha akakataa kuniuzia chochote. Mfanyabiashara akikataa kuuza, mwenyekiti, ujue kuna jambo.

5. Mafuta. Namba hii uisome peke yako. Mimi ni mtu mwenye ualbino, jambo ambalo huhitaji kuandikiwa kwani unaniona vizuri kuliko ninavyokuona. Kila mwaka kliniki hunipa makopo ya mafuta ya kujikinga na jua. Nakiri ni mafuta mazuri, meupe, yana harufu ya mtu aliyeajiriwa. Kitu kizuri namna hiyo mtu hakipaki akienda kupalilia. Kwa hiyo nimeyatunza kwa Jumapili. Kila Jumapili kwa miaka tisa nimejipaka uso, masikio na shingo, nikaenda kukaa saa tatu chini ya bati la kanisa, kwenye safu ya besi ya kwaya, mbali na dirisha. Naweza kusema kwa fahari kwamba ndani ya kanisa hakuna jua lililowahi kunipata. Siku sita zilizobaki nilikuwa shambani na uso mtupu, nikiyahurumia mafuta. Bi Lilian aliponiuliza huwa najipaka lini, nilimjibu, "Kila wiki." Alifungua ukurasa mpya wa daftari.

6. Kofia. Hili si lalamiko, ni kumbukumbu tu. Kliniki ilinipa pia kofia ya ukingo mpana unaofika mabegani. Kwenye kipaimara cha binti yako uliisifu mara tatu mbele za watu. Mtu mzima akisifu kitu mara tatu na wewe ukaendelea kukivaa, aibu ni yako. Nikakuvisha mwenyewe, watu wakapiga makofi. Imekupendeza. Nakuona nayo kila mnada, au tuseme naiona kofia, na nakisia aliye chini yake ni wewe.

7. Mke wangu. Brigita kwa miaka kumi na tisa ameniita kwa sauti ile ile anayofukuzia nyani kwenye mahindi, nami nimeishi kwa raha. Tangu Jumanne ananiita "Baba Isaya" kwa sauti ya wakati wa komunyo. Juzi alichinja kuku bila mgeni, filigisi akaniwekea mimi, akaniuliza kama chumvi imetosha. Sijawahi kuulizwa habari za chumvi. Naomba kamati ya usuluhishi imwamuru arudie kunifokea mara moja, kwa sababu upole huu unanitisha kuliko rula.

8. Namba hii sikutaka kuiandika. Unamkumbuka dada yangu Laurencia, maana ndiye aliyekufundisha kucheza bao na hukuwahi kumfunga. Ngozi yetu ilikuwa moja. Chake kilianzia nyuma ya sikio. Akafunga kitambaa, sote tukasema ni jipu, hata mimi nilisema, tena nilisema kwa sauti. Alipofikishwa hospitali daktari aliuliza kwa nini tumechelewa, na sisi watano tuliokuwa pale tukainama kukunja kile kitambaa kimoja. Tulimzika akiwa na miaka thelathini na minne. Sasa wakinikata mimi watakipa kidonda jina, na jina hilo mimi nalijua. Wasiponikata kitabaki kipele. Naogopa, Sylvesta. Nimejaza karatasi mbili kwa habari za daftari la wakazi, lakini sababu ni hiyo tu: naogopa.

Kwa hoja hizi naomba mkutano mkuu upitishe azimio kwamba kilichopo shavuni mwangu ni kipele, kiandikwe kipele kwenye muhtasari, na mtu yeyote atakayekiita vinginevyo atozwe faini ya debe moja la ngwara. Naomba pia jua lipewe onyo la maandishi, kwa kuwa limekuwa likiingia shambani kwangu bila hodi tangu nizaliwe. Kama ofisi haina anwani yake, hata mimi sina, lakini hutoka upande wa kwa shemeji yako.

Nisalimie mama watoto, nisalimie kamati yote, na mtendaji, na shemeji huyo huyo akiamka. Mwambie binti yako sauti yake ya kwanza kwaya imeisikia.

Ni mimi mwananchi wako mtiifu, kuanzia shingoni kwenda chini,
Remigius Amsi.

Nyongeza. Leo ni Jumapili. Kabla ya kukuletea barua hii nilimsomea Brigita ili aniambie kama nimekosea adabu popote. Alicheka kwenye habari za shemeji yako, akacheka tena kwenye mafuta. Kwenye namba nane alitoka nje, nikamsikia anawaita kuku, na kuku wote walikuwa humu ndani na mimi.

Basi futa maombi yote, kuanzia la kwanza. Badala ya usajili niandikie barua ya uhamisho: mkazi huyu anahama kijiji chetu, na tunaomba asipokelewe popote. Mafuta nimejipaka asubuhi hii kwa ajili ya misa, na nitajipaka tena kesho nikienda kupalilia, ingawa roho inaniuma.

Gari la Karatu linapita njia panda saa kumi na mbili asubuhi siku ya Jumanne. Brigita atabaki na ng'ombe. Nikimwona analia pale hospitalini nitakimbia. Naihitaji kofia. Usimpe mtu ailete. Ivae mwenyewe, uje nayo mpaka njia panda, uingie nayo garini, ukae upande wa dirisha. Nitaichukua tukishuka. Nakuomba tu, njia nzima, usiisifu.